Maji yapi yatalegeza mafuta kwenye jiwe la chokaa? Mwongozo wa majaribio kwa maabara ndogo ya Mtwara na Lindi

Zaidi ya nusu ya akiba ya mafuta duniani inakadiriwa kuwa ndani ya miamba ya kabonati, yaani chokaa na dolomaiti, na sehemu kubwa iko kule Ghuba ya Uajemi. Miamba hiyo ina ubahili wake. Unasukuma maji kisimani kwa miaka, maji yanapita kwenye nyufa na kutokea kisima cha pili, huku mafuta yamejibanza kwenye vitundu vya jiwe kama hayajaguswa. Zamani dawa ilikuwa kuongeza maji, na yakishindikana, kuongeza sabuni na polima za bei mbaya. Baadaye ikaonekana kwamba hata kubadilisha chumvi zilizomo kwenye maji yaleyale kunaweza kulifanya jiwe liachie.

Mwongozo huu nimemwandikia mwalimu wa kemia, fundi wa maabara, au mwanafunzi wa petroli aliyerudi likizo Mtwara au Lindi. Niseme mapema ili tusidanganyane: gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, imo kwenye mawe ya mchanga na inapanda kwa shinikizo lake yenyewe. Ukiisukumia maji utainasa nyingine hukohuko chini. Hatutafuti namna ya kuongeza gesi inayosafishwa Madimba hapa. Tunajifunza kazi ambayo kijana wa kwetu ataikuta akiajiriwa Abu Dhabi au Dhahran, na vifaa vya kujifunzia tunavyo mlangoni: jiwe la matumbawe, maji ya bahari na maganda ya korosho.

Kwanza elewa kinachogombaniwa

Mafuta ghafi yana asidi za asili zenye kundi la kaboksili. Asidi hizo zikikutana na maji ya chini ya ardhi, ncha yake inakuwa na chaji hasi. Uso wa chokaa, kwenye maji yenye kalsiamu nyingi kama yale ya chini, una chaji chanya. Hasi na chanya zikashikana, na mkia mrefu wa asidi ukabaki umeelekea kwenye mafuta. Miaka mamilioni imepita hivyo. Jiwe limekuwa kama sufuria iliyopikiwa samli: maji yanateleza juu, hayaingii.

Sasa leta maji ya bahari yenye moto wa kutosha. Salfeti, ambayo ni hasi, inakwenda kukaa kwenye uso wa jiwe na kupunguza ile chaji chanya. Kwa kuwa uso haufukuzi tena chanya kwa nguvu, kalsiamu iliyomo kwenye maji inasogea karibu, inaikamata ile asidi na kuibandua. Joto likipanda zaidi, magnesiamu nayo inaingia kazini: inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye uso wa jiwe, na kalsiamu inaondoka na asidi iliyokuwa imeibeba. Jiwe linaanza kupenda maji. Maji yanajipenyeza yenyewe kwenye vitundu na kuyatoa mafuta nje bila kusukumwa.

Ioni (chembe zenye chaji) tatu, basi: salfeti, kalsiamu, magnesiamu. Sodiamu na kloridi, ambazo ndizo nyingi kuliko zote baharini, hazina kazi hapa. Zinajaza nafasi karibu na uso wa jiwe na kuwazuia wenye kazi wasipite. Maelezo haya yamejengwa zaidi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norwei, wakiongozwa na Tor Austad na Skule Strand. Wapo wanaotaja sababu nyingine, kama kuyeyuka kwa jiwe lenyewe au mafuta kuunda matone madogo sana ndani ya maji, na ubishi haujaisha. Mimi naegemea upande wa Stavanger kwa sababu maelezo yao yanaweza kutabiri kitu kabla hujakipima, na hicho ndicho fundi anachohitaji.

Hatua ya 1: Tafuta jiwe, na ulijue

Jiwe la matumbawe lipo Mikindani, Shangani na pwani yote hadi Kilwa. Chukua la mwambani lililovunjika lenyewe. Usichukue matumbawe hai kutoka baharini, na usichukue kipande cha ukuta wa nyumba ya zamani hata kama limekaa vizuri mkononi. Ukuta umejengwa kwa chokaa iliyochomwa; mabaki yake yatapandisha pH na kuharibu kila kipimo kitakachofuata.

Dondoshea tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Likichemka povu kwa nguvu, ni kalsiamu kabonati. Likichemka kwa uvivu, na povu likaongezeka pale tu unapolikwaruza kuwa unga, ni dolomaiti. Lisipotoa kitu, umeokota jiwe la mchanga.

Loweka jiwe kwenye maji yaliyokenekwa, badilisha maji mpaka tone la nitrati ya fedha lisilete weupe, halafu kausha kwenye oveni. Watu wengi hukimbilia mbele bila kumaliza kuosha. Jiwe la pwani limejaa chumvi ya bahari, na ukiliacha nayo utakuwa unapima maji ambayo hukuyachanganya wewe.

Jambo moja la kukumbuka: matumbawe ya kwetu ni machanga kijiolojia, yana vitundu vikubwa, na sehemu yake ni aragonaiti badala ya kalsaiti, yaani kalsiamu kabonati ileile kwa mpangilio mwingine. Watafiti wa Stavanger hutumia sana chokaa laini ya Stevns Klint, Denmaki, yenye chembe ndogo mno. Kwa hiyo jiwe letu ni la kujifunzia mkono tu; tarakimu zake usizipeleke kwa mwenye kisima.

Hatua ya 2: Tengeneza mafuta yenye asidi

Mafuta ghafi hayauzwi dukani Mtwara. Mafuta ya taa yapo, lakini hayana asidi ya kutosha. Ukiyamimina kwenye jiwe yatatoka yote na hutajifunza kitu. Hapa ndipo korosho inapotuokoa. Utomvu wa ganda bichi la korosho una asidi anakadiki kwa wingi, kiasi cha theluthi mbili hivi ya utomvu wote. Ni asidi ya kaboksili yenye mkia mrefu, yaani ni jamaa wa mbali wa zile asidi za kwenye mafuta ghafi.

Nenda kwa mama anayebangua. Atakushangaa.

"Mama, shikamoo. Naomba maganda mabichi, yasiyopita motoni."

"Marahaba. Mabichi ya nini, mwanangu? Yatakubabua hayo."

Anasema kweli. Utomvu huo unachubua ngozi na kuacha malengelenge, ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta. Wewe vaa glovu nene na miwani. Lakini usikubali kupewa yaliyokaangwa kwa kuwa ni salama zaidi: moto mkali unaing'oa ile kaboksili na kuitoa kama hewa ya ukaa, kinachobaki ni kadanoli, na kadanoli haishiki jiwe inavyotakiwa.

Ponda maganda, yaloweke kwenye mafuta ya taa kwa siku nzima katika chupa ya kioo iliyofunikwa, kisha chuja. Mafuta yatakuwa ya kahawia. Hiyo ni akiba yako nzito. Utaizimua kwa mafuta ya taa safi baada ya kupima.

Hatua ya 3: Pima namba ya asidi

Namba ya asidi ni miligramu za KOH (potasiamu hidroksidi) zinazohitajika kuizima asidi iliyomo katika gramu moja ya mafuta. Yeyusha gramu chache za mafuta yako kwenye spiriti safi, tia fenolfthalini, dondosha KOH yenye nguvu inayojulikana kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi ibaki. Rangi ya kahawia itakusumbua macho, hivyo tumia sampuli ndogo na spiriti nyingi, na weka karatasi nyeupe chini ya chupa. Pima pia spiriti peke yake, utoe kiasi chake kwenye hesabu.

Lenga namba iliyo karibu na 1. Kwa makadirio, utomvu mbichi gramu 1 ndani ya gramu 100 za mafuta ya taa unakuleta hapohapo: asidi anakadiki tupu ina namba ya asidi kama 160, utomvu wenye theluthi mbili yake una kama 105, ukiuzimua mara mia unapata 1 na kidogo. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo jiwe linavyozidi kupenda mafuta na ndivyo maji yanavyopata kazi zaidi. Mafuta yenye namba iliyo karibu na sifuri hayana haja ya maji maalumu, hakuna kilichonata.

Hatua ya 4: Changanya maji

Ukitaka maji ya bahari halisi, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto na mikoko, na usichote katikati ya msimu wa mvua. Chuja kwa karatasi. Jikaushie lita moja uone: utabaki na chumvi gramu 35 hivi. Ikiwa pungufu sana, umechota maji yaliyochanganyika na ya mvua.

Kwa majaribio ya kulinganisha, ni bora utengeneze mwenyewe. Nunua maji yaliyokenekwa. Dukani mara nyingi huitwa maji ya betri, lakini soma chupa kwanza, maana wauzaji wengine huita hivyohivyo asidi ya betri. Chumvi ya mezani usiitumie. Ina madini joto na vitu vya kuzuia isigande.

Maji ya kwanza, tuyaite A, ni sodiamu kloridi peke yake, gramu 35 kwa lita. Haya ni ya kulinganishia: yana uzito wa bahari lakini hayana wafanyakazi wale watatu.

Maji B ni bahari ya kutengeneza. Kwa lita moja tia sodiamu kloridi gramu 24.5, magnesiamu kloridi yenye maji yake sita gramu 11.1, sodiamu salfeti isiyo na maji gramu 4.1, kalsiamu kloridi yenye maji yake mawili gramu 1.5, potasiamu kloridi gramu 0.7 na magadi soda gramu 0.2. Yeyusha kalsiamu kwenye bika la peke yake na uimimine mwisho, polepole, huku unakoroga. Ukiitupa kavu juu ya salfeti utaona mawingu meupe, na mawingu hayo ni salfeti uliyoilipia ikienda chini.

Maji C ni B bila sodiamu kloridi kabisa, na salfeti imeongezwa mara nne, yaani sodiamu salfeti gramu 16.4. Hapa uko ukingoni. Yakifanya ukungu, jasi imeanza kuganda, ileile inayochimbwa wilayani Kilwa kwa ajili ya viwanda vya saruji. Punguza salfeti mpaka maji yawe angavu.

Maji D ni B iliyozimuliwa mara ishirini kwa maji yaliyokenekwa. Nimeyaweka kwa makusudi, kwa sababu kuna imani iliyoenea kwamba maji yakiwa na chumvi kidogo tu basi mafuta yatatoka. Kwenye chokaa safi ya Denmaki, kuzimua maji ya bahari kulipunguza mafuta yaliyotoka, kwa kuwa salfeti na kalsiamu nazo zilizimuliwa. Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, kwa upande wao, walizimua maji ya bahari kwa hatua na kupata mafuta ya ziada kwenye mawe yao ya chokaa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi: mwamba wenye anhidraiti, ambayo ni kalsiamu salfeti, humegua salfeti yake mwenyewe pale maji yenye chumvi kidogo yanapopita. Jiwe linajitengenezea dawa. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu azimue maji, muulize kama jiwe lake lina anhidraiti. Asipojua, loweka kipande kwenye maji yaliyokenekwa, chuja, tia bariamu kloridi pamoja na tone la asidi hidrokloriki. Weupe mzito ni salfeti. Bariamu kloridi ni sumu, usiipime kwa pipeti ya mdomo, na nawa mikono.

Hatua ya 5: Jaribio la chupa

Ponda jiwe safi mpaka liwe kama mchanga laini, chekecha, osha vumbi lililobaki, kausha. Loanisha kwa maji A kidogo kisha uyamwage, kwa sababu chini ya ardhi jiwe lilikutana na maji kabla ya mafuta. Gawa mafungu mawili. La kwanza lilale kwenye mafuta ya taa matupu, la pili kwenye yale ya korosho, siku mbili.

Mafuta ya taa hushika moto kwa urahisi yakipata joto, kwa hiyo hakuna jiko, mshumaa wala moto wa aina yoyote chumbani. Chemsha maji kwa birika la umeme, mimina kwenye hotpoti ambayo haitarudi tena jikoni kwa chakula, weka chupa humo, kifuniko bila kukazwa hadi mwisho, madirisha wazi. Badilisha maji yakipoa.

Siku ya tatu mwaga mafuta ya ziada, ongeza maji A katika chupa zote mbili, tikisa taratibu. Angalia kwa karibu. Kwenye chupa ya mafuta ya taa matupu, chembe zinashuka moja moja, nyeupe, zinalala chini kama mchanga wa Msimbati. Kwenye ile ya korosho, chembe nyingi zinashikamana madonge, zinabaki kwenye mpaka wa mafuta na maji, na kila donge limebeba utando wa kahawia. Ukiinamisha chupa, madonge yanafuata mafuta. Nikiwa na saa moja tu ya kufundisha mada hii yote, ningeitumia hapa, maana mwanafunzi akishaona hivyo hakuulizi tena jiwe linapendaje mafuta.

Kisha chukua chembe zilizolala kwenye mafuta ya korosho, zigawe kwenye chupa nne zenye A, B, C na D, uziweke kwenye hotpoti. Baada ya siku moja, kusanya zilizozama kutoka kila chupa, chuja, kausha, pima kwa mizani. Asilimia iliyozama ndiyo kipimo chako. Rudia kila chupa mara tatu, maana tofauti ndogo huweza kutokana na mkono uliotikisa.

Usitarajie miujiza. Asidi anakadiki ina kundi la OH ubavuni mwa kaboksili, kwa hiyo inaikamata kalsiamu kwa vidole viwili na haiachii kirahisi kama asidi nyingi za mafuta ghafi. Pia joto la hotpoti ni dogo. Kazi ya salfeti kwenye chokaa inaonekana vizuri zaidi kuanzia nyuzi 90 kwenda juu. Tofauti ikiwa ndogo, andika ndogo.

Hatua ya 6: Mcheduara kwenye oveni

Hapa panahitaji maabara ya chuo. Toboa mcheduara wa jiwe kwa keekee ya duara ya mafundi vigae, kipenyo sentimita 3.8, urefu sentimita 7. Ujazo wake wote ni mililita 79. Upime mkavu, uujaze maji kwa pampu ya kuvuta hewa, upime tena; tofauti ya uzito ukiigawa kwa msongamano wa maji inakupa ujazo wa vitundu. Tuseme umepata mililita 20, yaani robo ya jiwe ni uwazi.

Ndani ya mwamba halisi mafuta hayakai peke yake, maji kidogo hubaki. Njia rahisi ya kuyaweka ni hii: jaza jiwe kwa maji ya mwambani (yale ya chumvi yanayokaa na mafuta chini ya ardhi) yaliyozimuliwa mara kumi, kisha liache kwenye desiketa (chombo cha kukaushia kilichofungwa) yenye silika mpaka maji yabaki sehemu moja ya kumi ya ujazo wa vitundu. Chumvi haipai na mvuke, hivyo mililita 2 zilizobaki zinarudi kwenye ukali wake wa awali. Halafu vuta hewa na uingize mafuta mililita 18. Funga, weka mahali pa joto wiki kadhaa yazoeane.

Chombo cha kupimia ni chupa pana yenye shingo nyembamba yenye mistari juu. Jiwe linakaa chini, maji yanalizunguka, mafuta yanayotoka yanapanda shingoni na unayasoma. Anza na maji ya mwambani kwenye oveni ya nyuzi 90. Kila siku soma, andika tarehe na mililita. Mafuta yakiacha kuongezeka kwa siku kadhaa, ondoa maji hayo, weka maji unayoyajaribu, endelea kusoma. Kupita nyuzi 100 unahitaji chombo cha chuma chenye shinikizo. Usijaribu kwa kioo.

Tuseme maji ya kwanza yametoa mililita 5.4. Gawa kwa 18: asilimia 30. Maji mapya yameongeza 1.8, sawa na asilimia 10 nyingine. Kabla ya kushangilia, jiulize kama joto lilibadilika katikati. Mafuta hutanuka kama sehemu 8 kwa kila 10,000 kwa kila nyuzi moja. Ukilitoa jiwe oveni kwa ajili ya kubadilisha maji, likapoa na kupasha tena kutoka nyuzi 25 hadi 90, mililita 18 zitatanuka karibu 0.9. Hiyo ni nusu ya "mafanikio" yako, na kemia haikuhusika. Kwa hiyo yapashe maji mapya kwanza, badilisha harakaharaka, na weka mcheduara pacha kwenye maji ya mwambani mwanzo hadi mwisho. Kinachoongezeka kwa pacha, kitoe kwa mwenzake. Ripoti isiyo na pacha mimi huiweka pembeni.

Hatua ya 7: Wakutanishe maji kabla hawajakutana chini

Maji mazuri kwa jiwe yanaweza kuwa adui wa bomba. Changanya maji ya mwambani na maji yako kwa uwiano wa 1 kwa 9, nusu kwa nusu, na 9 kwa 1, yapashe joto la mwamba, acha usiku kucha, chuja na pima uchafu. Maji ya mwambani yakiwa na bariamu, salfeti yako itagandisha bariamu salfeti, ambayo haiyeyuki kwa maji wala kwa asidi ya kawaida, na kisima kitaziba. Yakiwa na kalsiamu nyingi sana na joto kali, itaganda anhidraiti, maana kalsiamu salfeti huyeyuka kwa shida zaidi maji yanapokuwa moto. Hii ndiyo sababu kampuni nyingine hulipa mitambo ya utando kuondoa salfeti ileile ambayo wewe unaisifu. Wote mna hoja. Inategemea kilichomo chini.

Salfeti pia ni chakula cha bakteria wanaotoa hidrojeni salfaidi. Harufu yake ni ya mayai yaliyooza, na ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla usidhani hewa imekuwa safi. Viwandani huongeza nitrati kuwazuia bakteria, na huondoa oksijeni kwenye maji ya bahari ili mabomba yasiliwe na kutu.

Kisha kuna uzito wa ardhi. Ekofisk, uwanja wa chokaa katika Bahari ya Kaskazini uliogunduliwa 1969, ulionekana miaka ya 1980 kwamba sakafu ya bahari inazama kwa kuwa mafuta yametolewa na jiwe linabonyea. Mwaka 1987 majukwaa yaliinuliwa mita 6, na mwaka huohuo ndipo kusukuma maji ya bahari kulipoanza kwa ukubwa. Mafuta yaliitikia vizuri kuliko ilivyotarajiwa, lakini jiwe liliendelea kubonyea hata shinikizo liliporudi, kwa sababu maji ya bahari yenyewe yanailainisha chokaa hiyo. Kwa hiyo pima pia nguvu ya jiwe kabla na baada ya kuloweshwa.

Hatua ya 8: Kisima kimoja kwanza

Maji yakishapita yote hayo, hayapelekwi uwanja mzima. Hujaribiwa kwenye kisima kimoja. Wanasukuma maji ya kawaida mpaka mafuta yasogee yanavyoweza, kisha wanaingiza maji yenye ethili asetati kidogo na kufunga kisima kwa siku chache. Huko chini sehemu ya ethili asetati inavunjika kuwa ethanoli. Ethanoli hupenda maji, ethili asetati hujificha pia ndani ya mafuta yaliyobaki, kwa hiyo kisima kikifunguliwa ethanoli inatangulia na ethili asetati inachelewa. Kadiri inavyochelewa, ndivyo mafuta yaliyobaki yalivyo mengi. Wanarudia baada ya kusukuma maji mapya na kulinganisha.

Saudi Aramco walifuata njia hiyo. Maabara, kwa kuzimua maji ya bahari hatua kwa hatua kwenye nyuzi 100, walipata nyongeza ya hadi asilimia 18 ya mafuta yaliyokuwamo mwanzoni kwenye jiwe. Kisimani, mafuta yaliyobaki yalipungua kwa takriban asilimia 7 ya ujazo wa vitundu. Tarakimu hizo mbili zina vipimo tofauti: ya kwanza ni sehemu ya mafuta, ya pili ni sehemu ya uwazi wa jiwe. Jiwe lililoanza na mafuta asilimia 90 ya vitundu, zile 7 ni kama asilimia 8 ya mafuta ya mwanzo. Ukiandika ripoti yako, taja mgawanyo ni wa nini, kwenye kila mstari wenye asilimia.